Vipimo Tisini na Tatu

Mchana nashuka kwenye mashimo ya lifti,
grisi hadi kiwikoni, tochi mdomoni.
Jumanne na Ijumaa, giza likiingia,
nanawa kwa sabuni ya unga, nafunga matoazi
katika blanketi la marehemu baba,
napanda kilima cha Vanadzor,
theluji ikinung'unika chini ya viatu.

Ukumbi ulijengwa na kiwanda.
Kiwanda kilikufa; ukumbi haukuambiwa.
Joto lake ni sisi wenyewe, watu arobaini na mmoja.
Wapiga fidla wamekata ncha za glavu.
Mkrtich wa tarumbeta huficha mdomo wa chombo kwapani
kama mtu aliyeokota kifaranga.

Kisha anaingia Vardui Tonoyan,
mfupi, koti hadi vifundoni,
anapanda juu ya kreti la maji ya madini.
Kijiti chake kilivunjika mwaka juzi;
sasa anatuongoza kwa sindano ya kufumia, namba nne,
na hakuna aliyewahi kucheka.
Akiinua tu, viti vinaacha kulia.

Kazi yangu katika sehemu ya pili ni hii:
kuhesabu vipimo tisini na tatu,
kisha kupiga.
Mara moja.

Majuma ya kwanza nilihesabu kama mhasibu,
vidole vikitembea juu ya goti,
na katikati ya hesabu nikakumbuka nyaya za jengo la Shogher,
dada yangu, na breki inayolia ghorofa ya sita.
Vardui akasimamisha okestra nzima.
Arobaini wakageuka. Nikadhani nimekosea,
na sikuwa nimegusa kitu!

"Norayr," akasema, "umekwenda wapi?"
"Nipo. Napumzika, mwalimu."
"Hapana. Fidla zikinyamaza, zinapumzika.
Wewe unanyamaza ili sisi tupite.
Hivyo ni vitu viwili."
Akageuza ukurasa. "Tena, kutoka mwanzo."

Sikuelewa. Nilikasirika njia nzima ya kushuka.
Lakini siku ya tatu, ndani ya shimo,
nikiwa nimeegemea ukuta, lifti imesimama juu yangu,
nikaisikia: ile kamba nene ya chuma
haifanyi lolote, na imebeba kila kitu.

Tangu hapo sikuhesabu tena kwa vidole.
Nilijua chelo za akina Arusyak zinapoanza kuzama,
nilijua pumzi ya filimbi kabla ya filimbi,
nilijua bega la kushoto la Vardui
linavyoshuka kidogo, kidogo mno,
pale anapotuamini.

Usiku wa onyesho Shogher alikaa mstari wa tatu.
Nilivaa tai. Kola ilinibana shingo.
Kipimo cha thelathini. Cha hamsini.
Mtoto akakohoa, akanyamazishwa kwa peremende.
Cha themanini na tisa, nikasimama;
shaba ilikuwa baridi kwenye viganja.
Vardui hakuniangalia.
Hakuniangalia hata kidogo,
nami nikajua kwamba hana haja.

Nikapiga.

Sauti ikapanda hadi kwenye taa zilizoungua,
ikakaa huko muda,
halafu ikashuka juu ya vichwa vyetu kama vumbi la dhahabu,
na fidla zikaingia ndani yake bila kubisha hodi.

"Saa nzima umevaa tai," dada akaniambia mlangoni,
"kwa ajili ya kishindo kimoja?"
Nikacheka. Ningemjibu nini?

Nyuma ya jukwaa kulikuwa na chai, na mkate wa jibini.
Watu walimkumbatia Mkrtich, walimbusu Arusyak.
Vardui akapita na kikombe, sindano imechomekwa kwenye nywele,
akasimama mbele yangu kana kwamba amesahau kitu.

"Kipimo cha arobaini na moja," akasema.
"Ulikicheza vizuri sana."

Akaenda kutafuta sukari.
Kipimo cha arobaini na moja.
Nilikuwa nimeketi, mikono mapajani.